Mtaji unapandisha ufanisi wa benki, ukwasi unaushusha? Matokeo yangu yananichanganya

HesabuTu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mawazo maana nimekwama wiki ya pili sasa. Naandika tasnifu ya masta kuhusu jinsi ukwasi na mtaji vinavyoathiri ufanisi wa benki kwenye nchi zenye uchumi unaoinukia. Nimechukua data za benki za biashara za nchi kadhaa kwa miaka kumi, nimepima ufanisi kwa DEA (njia inayolinganisha benki kwa kuangalia kila moja inatumia maingizo gani na inatoa zao gani), halafu zile alama za ufanisi nikaziingiza kwenye rigresheni (hesabu ya kuona kipi kinaendana na kipi) pamoja na uwiano wa mtaji, uwiano wa ukwasi, ukubwa wa benki, mikopo chechefu, mfumuko wa bei na ukuaji wa uchumi.

Matokeo yanasema hivi: mtaji una alama chanya na imara (ukipanda, ufanisi nao unapanda, na haionekani kuwa bahati tu), ukwasi una alama hasi na imara vilevile. Mwanzoni nikafurahi maana inaingia akilini, benki yenye mtaji mkubwa wenye hisa wanaisimamia vizuri kwa sababu hela yao ndio iko hatarini, na benki inayolundika fedha inapoteza nafasi ya kukopesha. Nikaandika hivyohivyo. Supavaiza kanirudishia karatasi na maswali mawili pembeni. La kwanza, kama ukwasi unaharibu ufanisi mbona wasimamizi wa benki kila mahali wanalazimisha ushikwe? La pili, una uhakika gani kwamba mtaji ndio unaleta ufanisi na sio ufanisi unaoleta mtaji?

Nimesoma makala nyingi, nyingine zinasema chanya, nyingine hasi, nyingine hakuna uhusiano, yaani kila mtu na lake. Nani anaweza kunielezea kinachoendelea humo ndani ya benki kwa lugha ya kawaida, nikishaelewa namba nitazirudia mwenyewe.

Mzee wa Mizania

Mkuu, kabla hujamjibu supavaiza tenganisha kwanza hivi vitu viwili, maana kwenye maelezo yako unavichukulia kama pacha. Mtaji ni hela ya wenye benki, uko upande ule wa mizania unaoonyesha pesa imetoka wapi, na kazi yake ni kumeza hasara. Ukwasi uko upande wa pili, ni mali unazoweza kuzigeuza pesa leo hii bila kuumia bei. Mtaji hauwekwi kwenye sefu, unaweza kukuta wote umeshakopeshwa. Ndio maana benki inaweza kuwa na mtaji mzuri kabisa na jioni ikakosa hela ya kulipa wateja, na nyingine ikawa na hela tele kwenye akaunti yake ya benki kuu wakati mtaji umeshaliwa na mikopo mibovu ambayo bado haijatengewa akiba vitabuni.

Sasa tuje kwenye alama yako chanya. Sehemu yake ni hesabu tu, haina uhusiano na umahiri wa mtu yeyote. Chukua benki mbili, kila moja ina mali 100. Ya kwanza ina mtaji 15 na amana 85, ya pili ina mtaji 5 na amana 95. Amana zote zinalipwa riba ya asilimia 6. Ya kwanza italipa riba 5.1, ya pili italipa 5.7. Mameneja ni walewale, matawi yanalingana, wafanyakazi wanalingana, lakini benki ya kwanza itaonekana ina ufanisi zaidi wa gharama kwa sababu gawio la wenye hisa haliandikwi kama gharama na riba ya amana inaandikwa. Mwenye hisa naye anataka malipo, tena makubwa kuliko mwenye amana, ila malipo yake hayaonekani pale. Kwa hiyo kama hujauweka mtaji ndani ya kipimo chenyewe cha ufanisi kama ingizo mojawapo, umeipa benki yenye mtaji zawadi ya bure halafu rigresheni ikaja kukusomea zawadi uliyoitoa wewe mwenyewe.

Swali lingine, uwiano wako wa mtaji ni upi? Mtaji gawa kwa mali zote, au mtaji gawa kwa mali zilizopimwa kwa uzito wa hatari? Maana ni vitu tofauti sana kwenye nchi hizi. Tuseme benki A ina mali 100, mtaji 10, mikopo ya wateja 50, hatifungani za serikali 40, taslimu 10. Benki B ina mali 100, mtaji 10 vilevile, mikopo 80, hatifungani 10, taslimu 10. Kanuni za Basel, zile za kimataifa za usimamizi wa benki, zinairuhusu nchi iipe hatifungani ya serikali yake, iliyo kwa sarafu yake, uzito wa hatari wa sifuri. Basi kama mikopo yote ina uzito wa asilimia 100 na taslimu nayo sifuri, A ina uwiano wa asilimia 20 na B ina asilimia 12.5. Mtaji ni uleule 10! A inaonekana ina mtaji mnono kumbe imeacha tu kukopesha wananchi ikakopesha serikali. Hapo mtaji na ukwasi vimeshaingiliana kabla hata hujaanza kupima chochote.

Dada Hazina

Mzee ameeleza mtaji vizuri, mimi niongelee ukwasi maana nimekaa kitengo cha hazina cha benki ya ukubwa wa kati miaka kadhaa na hili jambo nimeliishi.

Ukisoma vitabu, benki yenye mtaji mzuri haihitaji kulundika ukwasi, kwa sababu ikipungukiwa jioni itakopa kwa benki nyingine usiku mmoja, na ikishindikana itaenda dirisha la mikopo la benki kuu na kuweka hatifungani zake dhamana. Kwenye masoko makubwa hiyo inawezekana siku nyingi. Kwenye nchi zinazoinukia soko la benki kukopeshana lina tabaka: benki kubwa zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe, za kati zinapata kidogo kwa riba ya juu, na ndogo zinapigiwa hesabu ya dhamana mpaka shilingi ya mwisho au zinaambiwa leo hatuna. Na kwenda dirisha la benki kuu mara kwa mara kunaogopwa, habari zikivuja kwamba mmeenda huko mara tatu wiki hii, wateja wakubwa wanaanza kuuliza maswali.

Nitoe mfano wa nilipokuwa. Mteja mmoja, taasisi kubwa, alikuwa na amana ya muda maalum ambayo kila ikiiva anairudishia. Safari moja ikaiva akaichukua yote, hakukuwa na tatizo lolote kati yetu, walikuwa na matumizi yao. Mtaji wetu ulikuwa juu kabisa ya kiwango kinachotakiwa. Lakini ile siku tulipiga simu kila mahali, tukauza hatifungani kwa bei ya hasara kwa sababu hakukuwa na wanunuzi wengi, na pengo lililobaki tukalikopa usiku mmoja kwa riba ambayo bado naikumbuka mpaka leo. Kisha ili tupate amana mpya tukapandisha riba ya amana kwa kila mteja mkubwa aliyeomba. Gharama ile haikuisha siku ile, ilitufuata karibu mwaka mzima.

Sasa fikiria data yako inaiona vipi benki yetu. Miaka ya kabla ya tukio inatuona tuna ukwasi mdogo na ufanisi mkubwa, safi kabisa, tunakopesha kila senti. Mwaka wa tukio ufanisi unaporomoka. Mwaka unaofuata tuna ukwasi mwingi kwa sababu tumeogopa, na ufanisi bado mbovu kwa sababu tunalipa amana ghali. Ukichora mstari mmoja wa moja kwa moja utapata ukwasi mwingi unaenda na ufanisi mdogo, utasema ukwasi ndio mkosaji. Kumbe kilichotuumiza ni kukosa ukwasi, huo mwingi ni kovu tu.

Na hii haipati benki moja moja tu. Kenya kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 benki tatu, Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank, ziliwekwa chini ya usimamizi wa mamlaka, moja baada ya nyingine. Wenye amana wengi wakahamia benki kubwa, na benki ndogo ambazo hazikuwa na kosa lolote zikabaki zinahangaika kutafuta hela kwa bei mbaya. Kwa hiyo jibu la supavaiza wako la kwanza ni hilo: ukwasi ni kama bima, mwaka ambao hakuna ajali bima inaonekana gharama ya bure. Tena ukwasi wa benki moja unawalinda na majirani zake, na hiyo faida ya jirani haimo kwenye alama ya ufanisi ya benki yoyote, ndio sababu msimamizi analazimisha. Chini ya Basel III benki inatakiwa iwe na mali za ukwasi wa hali ya juu zinazotosha kufunika fedha zitakazotoka ndani ya siku 30 za dhiki, na kigezo hicho kilifika asilimia 100 mwaka 2019 baada ya kuanza na asilimia 60 mwaka 2015.

Paneli_Data

Nakubaliana na wote wawili ila mimi nina wasiwasi na mambo matatu ya kiufundi, na usipoyanyoosha hata maelezo mazuri kiasi gani hayatakusaidia.

Kwanza ukwasi umeupimaje? Kuna wanaotumia mali za ukwasi gawa kwa amana, kuna wanaotumia mikopo gawa kwa amana. Ya pili ikipanda maana yake ukwasi UMESHUKA. Nimeona makala mbili zinabishana, moja inasema chanya nyingine hasi, kumbe zinasema kitu kilekile, kila moja imetumia kipimo chake. Nusu ya ule mvurugano uliousoma unaweza kuwa umetokea hapo.

Pili, kwenye DEA umeweka nini kama zao, yaani kitu ambacho benki inahesabiwa kuwa imezalisha? Ukiweka mikopo peke yake, benki iliyonunua hatifungani itaonekana haina ufanisi kwa sababu umeikatalia kuhesabu kazi iliyofanya. Ukiweka mikopo na hatifungani zote, benki hiyohiyo inaruka juu, maana kununua hatifungani hakuhitaji maofisa mikopo wala matawi wala kufuatilia wadaiwa. Alama ya ukwasi inaweza kugeuka kabisa kutokana na uamuzi huo mmoja uliofanya kabla hujafika kwenye rigresheni.

Tatu, alama za DEA zinategemeana, kila benki inapimwa kwa kulinganishwa na zile zilizo kwenye mpaka wa ufanisi, yaani zinazofanya vizuri kuliko zote, kwa hiyo kuzirudisha kwenye rigresheni ya kawaida kama vile kila moja imesimama yenyewe kunaharibu majaribio ya uimara. Simar na Wilson walilionyesha hili mwaka 2007 wakapendekeza njia ya kurudia sampuli, itafute. Au hama tumia mpaka wa kistokastiki (njia nyingine ya kupima ufanisi inayoacha nafasi ya bahati na makosa ya data) upime vyote kwa hatua moja.

HesabuTu

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya uzito huu. Paneli_Data umenishika pabaya, zao langu ni mikopo na mapato ya ada, hatifungani sikuziweka kabisa. Ukwasi wangu ni taslimu pamoja na hatifungani za serikali gawa kwa mali zote. Na mtaji wangu ni ule uliopimwa kwa uzito wa hatari. Kwa maana nyingine hatifungani zimeingia sehemu mbili upande wa kulia wa mlinganyo, kwenye vigezo, na hazipo kabisa upande wa kushoto, kwenye ufanisi.

Paneli_Data

Basi ndio hapo. Alama hasi ya ukwasi uliijenga wewe mwenyewe. Simaanishi kwamba ukweli wake ni chanya, namaanisha kwa sasa hatujui, anza hapo.

Kinagaubaga

Mimi nataka kupinga kidogo hii hali ya kuuona mtaji kama dawa. Tuangalie nchi ambazo zimeongeza mtaji kwa amri. Nigeria mwaka 2004 benki kuu ilitangaza mtaji wa chini upande kutoka naira bilioni 2 mpaka bilioni 25 kufikia mwisho wa 2005, benki zikaungana kutoka 89 zikabaki 25. Kwenye karatasi sekta ilikuwa na mtaji kuliko wakati wowote. Miaka minne haijaisha, 2009, benki kuu hiyohiyo inaingiza naira bilioni 620 kuziokoa benki kadhaa na kuwaondoa wakurugenzi wakuu, na 2010 ikaundwa AMCON, shirika la serikali la kununua mikopo mibovu ya benki. Kwa nini? Kwa sababu mtaji mwingi ulioingia kwa mkupuo ulitafuta pa kwenda haraka, ukaenda kwenye mikopo ya kununulia hisa na kwa wafanyabiashara wa mafuta, uwezo wa kuchambua mkopo haukukua kwa kasi ya mtaji. Soko la hisa lilipoanguka na bei ya mafuta ikaanguka, vyote vikaondoka pamoja.

Ndio maana mimi sikubali sentensi ya "mtaji unaleta ufanisi" bila kuuliza mtaji umetoka wapi. Mtaji uliotokana na faida iliyobakizwa miaka kumi ni ushahidi kwamba benki ilikuwa inafanya kazi vizuri, hapo ufanisi ndio umeleta mtaji na supavaiza yuko sahihi. Mtaji ulioletwa na amri ya msimamizi ni kitu kingine. Na mtaji ambao mwenye hisa ameukopa kwa mlango wa nyuma kutoka benki hiyohiyo au benki dada sio mtaji kabisa, ni karatasi. Data ya mizania inaviweka vyote safu moja.

Hata ufanisi wenyewe uangalie kwa jicho kali. Mwaka 1997 Berger na DeYoung, kwa benki za Marekani, waliandika wazo ambalo mimi naliona linafaa zaidi kwetu kuliko hata kule: benki inaweza kuonekana ina ufanisi mzuri wa gharama kwa sababu tu imebana matumizi ya kuchunguza wakopaji na kuwafuatilia. Leo gharama ziko chini, kesho kutwa mikopo chechefu inapanda. Kwa hiyo benki iliyoko kwenye mpaka wa ufanisi mwaka huu inaweza kuwa ndiyo inayokula mbegu. Na upande wa pili, benki yenye mtaji mdogo inashawishika kubahatisha kwa sababu ikipata ni yake, ikikosa hasara ni ya wengine.

Mzee wa Mizania

Kinagaubaga nakuunga mkono kwenye Nigeria, ila usiitupe faida ya mtaji moja kwa moja. Mtaji unafanya kazi yake siku ya hasara, na siku hiyo inafika hata kwa benki isiyokopesha ovyo. Ghana ni mfano mzuri wa pande zote mbili. Walipandisha mtaji wa chini kutoka cedi milioni 120 hadi milioni 400 kufikia mwisho wa 2018, zikabaki benki 23. Desemba 2022 serikali ikatangaza kubadilisha hatifungani zake za ndani kwa mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi, na benki zikaandika hasara kubwa kwenye hesabu za 2022. Angalia kilichotokea pale: ile mali iliyoitwa ya ukwasi na isiyo na hatari ndiyo iliyokula mtaji. Bila nyongeza ya 2018 ningependa kujua ngapi zingesimama.

Na hata pale serikali inapolipa vizuri kuna hatari ya bei. Riba ikipanda bei ya hatifungani inashuka, benki isipolazimika kuuza, hasara inabaki imejificha, ikilazimika kuuza kutafuta ukwasi, hasara inaenda moja kwa moja kwenye mtaji. Silicon Valley Bank mwaka 2023 ilifia hapo, tarehe 9 Machi wateja walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Ile ilikuwa Marekani yenye soko la hatifungani kubwa kuliko yote, sasa jiulize kwenye soko ambalo wanunuzi ni benki zilezile kumi na zote zinataka kuuza.

Dada Hazina

Hapo Mzee umegusa kitu kinachoniuma. Watu wanasema akiba haiozi, lakini ukwasi wa nchi hizi wakati mwingine unaoza kwa sababu wote ni wa aina moja. Halafu hatifungani zikilipa riba nzuri, meneja hana sababu ya kumtafuta mkopaji mdogo. Kenya walipoweka ukomo wa riba ya mikopo, pointi nne juu ya riba ya benki kuu, kuanzia Septemba 2016 mpaka ulipoondolewa Novemba 2019, benki nyingi zilielekea kwenye karatasi za serikali na wakopaji wadogo wakaachwa. Ukipima gharama kwa mapato benki ile inapendeza. Ukiuliza imemfanyia nini mwenye biashara anayehitaji mtaji wa kazi, jibu ni kimya. Kwa hiyo HesabuTu kwenye tasnifu yako eleza wazi ni ufanisi wa nani unaoupima, maana ufanisi wa mwenye hisa na ufanisi wa uchumi vinaweza kwenda njia mbili.

HesabuTu

Wakuu nimerudi baada ya siku kumi. Nimefanya haya: mtaji nimetumia mtaji gawa kwa mali zote na nimeuingiza kwenye mpaka wa ufanisi kama ingizo lisilobadilika, ukwasi nimeugawa vipande viwili, taslimu na salio la benki kuu upande mmoja, hatifungani za serikali upande mwingine. Nimepima ufanisi mara mbili, zao likiwa mikopo tu na zao likiwa mikopo na hatifungani. Vigezo vyote nimevirudisha nyuma mwaka mmoja, yaani ufanisi wa mwaka huu naulinganisha na vigezo vya mwaka uliopita.

Mtaji bado chanya lakini umepungua zaidi ya nusu. Taslimu bado hasi, ndogo. Hatifungani zinageuka alama kutegemea zao, kama Paneli_Data alivyosema. Ila kilichonishangaza ni nilipotenganisha benki ndogo na kubwa: kwa benki ndogo, ukwasi ukiwa chini sana ufanisi wa mwaka unaofuata unashuka, ukiongezeka unapanda mpaka mahali fulani ndio unaanza kushuka tena. Kwa kubwa sioni hilo pindo. Je nilichokiona ndicho alichokuwa anasema Dada Hazina, au ni bahati ya data?

Dada Hazina

Kwa nilivyoliishi ndicho hicho. Benki kubwa ikipungukiwa inapiga simu moja. Jaribu uangalie kama lile pindo linazidi miaka ambayo kuna benki imeanguka nchini humo, likizidi utakuwa umepata jambo.

Paneli_Data

Na kabla ya hapo toa benki zilizoungana katikati ya kipindi, au zianzishe upya kama benki mpya kuanzia mwaka wa kuungana, la sivyo pindo lako linaweza kuwa ni miunganiko tu. Na kurudisha mwaka mmoja hakutoshi kujibu swali la pili la supavaiza, jaribu pia kinyume chake, ufanisi wa jana dhidi ya mtaji wa leo. Ukikuta uhusiano wa upande huo una nguvu zaidi, uandike hivyohivyo usiufiche.